Mtani Katikati ya Njia ya Theluji

Binti yangu alishika nafasi ya tatu, na waliokuwa wanatakiwa ni wawili. Nianzie hapo, maana nikianzia nyuma nitawapeleka mpaka Tabora, na kurudi hatutarudi leo.

Mambo yenyewe yalikuwa ya Jumamosi na Jumapili, baridi ikielekea kwisha. Klabu anayochezea ilikuwa na nafasi mbili za wanawake katika timu ya kwenda kaskazini, kwenye milima ya kweli, kushindana na klabu za huko. Ili uzipate unapanda ukuta Jumamosi, na Jumapili unakwenda mbio kwa skii, zile mbao nyembamba ndefu ambazo mtu anazifunga miguuni ateleze juu ya theluji. Aliyepanda juu zaidi Jumamosi ndiye anayeachiliwa wa kwanza Jumapili, halafu wa pili, halafu wa tatu, hivyo hivyo, kama mbuzi wanaotolewa zizini. Wawili wa kwanza kuvuka mstari wanakwenda kaskazini. Basi. Hata mimi nilielewa, na mimi shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu akashukuru.

Hiyo nafasi aliitaka. Nimewaona watu wakitaka mke, nimewaona wakitaka pasipoti, lakini sijamwona mtu akitaka kitu kama yule mtoto alivyotaka kwenda kupata baridi zaidi ya hii. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani, anawaogesha, anawavalisha soksi, wanamtukana, anarudi. Wakati wa joto, theluji hakuna, anavaa skii fupi zenye magurudumu na kuteleza kwenye lami pale Rågsved, mtaani kwetu huku kwa Waswidi, kati ya duka la vyakula na kituo cha treni, fimbo mbili mikononi, jasho linamchuruzika. Mama mmoja wa Kisomali, jirani yetu, aliniuliza kwa upole kama mtoto ana matatizo ya kichwa. Nikamwambia ndiyo, kayarithi kwa mama yake.

Sasa mtu mwingine wa habari hii ni mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Kwa wasiojua, watu wa makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukupora kofia, kukuita marehemu ukiwa mzima, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Jambo kubwa likikufika, harusi au msiba, mtani lazima aje alivuruge. Asipolivuruga ujue amekudharau.

Yeye anakaa Vårby gård, mtaa mwingine wa jiji hili hili, alikuwa akifagia mabasi usiku mpaka mgongo ukakataa. Mke wangu alipofariki, mtani huyu alikuja makaburini, akashuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe koti langu. Ilikuwa baridi ya kuumiza meno. Mswidi mwenye mashine ya kuchimba akaizima, akakaa anatutazama mdomo wazi. Nikavua koti nikampa. Akatoka, akalivaa, akatembea nalo kwa maringo mbele ya waombolezaji wote huku mimi natetemeka, na watu wakacheka na kamasi zao, na mimi nikacheka. Tangu alfajiri ya siku ile nilikuwa sijaweza kuvuta pumzi mpaka chini. Pale nikaivuta.

Binti yangu hakucheka. Alikuwa bado msichana wa shule. Tangu siku ile hajamwita baba mdogo wala mtani wala nini, anasema tu kwa Kiswidi "yule kizee."

Haya. Jumamosi.

Ukuta wenyewe uko ndani ya kiwanda cha zamani, unanuka miguu na vumbi la chaki. Umejaa vishikio vya rangi rangi, kama mtu kautapikia peremende. Wapandaji wanafungiwa chumba cha nyuma wasione wenzao wanapita wapi, kwa sababu kila mmoja anatakiwa aukute ukuta mara ya kwanza, apande mara moja tu. Ukianguka kamba inakudaka, unashushwa, habari yako imekwisha. Mimi niliona ni mchezo wa haki kuliko maisha mengi. Viatu vyao ndiyo dhambi. Wanavaa vidogo kuliko mguu, makusudi, na wakishuka wanavivua wakilia.

Binti alitoka chumbani, akafunga kamba, akaanza kupanda. Nilimtazama mgongo. Mtoto akiwa anakuonyesha mgongo ndipo unapoona amekuwa mtu mzima. Alipanda taratibu, hana pupa, mpaka akawapita wengi waliotangulia.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Oya! Mpagazi! Mzigo wa nani huo unaupandisha?"

Mtani. Na chupa ya chai kwapani. Sikumwalika, lakini mtani haalikwi, ananusa.

"Mwangalieni mjukuu wa wapagazi!" akaendelea, sauti yote, ukumbi mzima unageuka. "Babu yake alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani! Akifika kwetu tunampa maji kwenye kifuu!"

Nikamjibu, maana kutomjibu ni ushamba. "Na babu yako alikuwa amelala, ngoma kaifanya mto!"

"Alikuwa anawasubiri mlete mizigo! Binti, tua mzigo! Shuka, tembo wamekwisha!"

Nilimwona binti akigeuza kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayesikia jina lake. Mkono ukakosa kishikio, mguu ukafuata, kamba ikamdaka, akabaki ananing'inia na mikono chini.

Mimi sijui kama ni kelele. Kishikio kile kiliwaangusha na wengine. Lakini wengine walianguka kimya kimya. Akawa wa tatu.

Kwenye treni alinigeukia tumebakiza kituo kimoja. Akikasirika huwa ananiongelesha Kiswidi, kama nimemletea hati ya kusaini.

"Kesho asije," akasema.

"Nitamwambia."

"Sikusema umwambie. Nimesema asije."

Nikampigia mtani simu baada ya chakula. Nawaandikia mazungumzo yale kama yalivyokuwa, mpime wenyewe.

"Mtani, kesho usije."

"Nije saa ngapi?"

"Nasema usije! Mtoto amekasirika."

"Ah! Mpagazi mdogo kakasirika? Basi nitakuja na kiti, nikae vizuri."

"Haki ya Mungu sitanii."

"Hata mimi sitanii. Mimi na wewe tumeanza lini kutaniana?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nisikilize, we mcheza mdundiko, ukikanyaga pale kesho nitakuzika bila sanda!"

"Na mimi nitatoka niivae kanzu yako! Lala salama, mpagazi."

Mnaona? Hata kukataza kwenyewe kulitoka kumevaa tusi. Mdomo wangu kwa mtu yule haujui njia nyingine. Ningelia kwenye simu angedhani naimba. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mswaki, amesikia upande wangu tu, na kusema kweli upande wangu ulikuwa unachekesha.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Baadaye alikuja kunitupia usoni kwamba ningemwambia kwa Kiswidi. Labda. Kwa Kiswidi hatuna utani, hata salamu tunazitoa kama watu wa benki. Lakini mambo kama hayo yanakuja kichwani yakiwa yamekwisha faida.

Jumapili msituni kulikuwa na rangi ya kahawia tupu, theluji ya Mungu ilikwisha yeyuka. Ile ya mashindano ilitengenezwa na mashine, imelazwa kama mkeka mweupe unaopita kati ya misonobari, na pembeni ni tope na majani yaliyooza. Juu ya mkeka mashine imechora mifereji miwili, skii zinapita humo kama treni kwenye reli. Na wana desturi yao moja kali. Aliye nyuma na ana kasi anapiga kelele "Ur spår!", yaani toka njiani, na aliye mbele lazima atoke, hata awe mzee, hata awe mfalme. Hakuna samahani wala shikamoo. Mimi mara ya kwanza kuisikia nilitaka kumkamata mtoto wa watu nimtie adabu.

Nilipeleka macho huku na huku, mtani hayupo. Nikashukuru. Binti alikuwa ameamka gizani kupaka nta chini ya skii zake, anaikanda kwa kidole gumba, anainusa, anaikwangua, anapaka nyingine, kwa mapenzi ambayo sijamwona akimpa mwanamume yeyote. Nta ikiwa mbaya skii zinarudi nyuma mlimani. Nilimuuliza, "Imekubali?" Akasema, "Imekubali," kwa Kiswahili. Nikajua amenisamehe nusu.

Wa kwanza akaachiliwa, wa pili, kisha yeye. Nikajikongoja na bakora yangu mpaka msituni, mahali njia inapokata kona na kuanguka kwenye mteremko mdogo, maana alinieleza kwamba wanazunguka hapo zaidi ya mara moja. Mzunguko wa kwanza alipita akiwa wa tatu, lakini kisigino cha wa pili kiko puani mwake. Nilipayuka mpaka koo likawasha. Nikasubiri. Mzee mmoja wa Kiswidi akanipa uji wao wa moto wa rangi ya zambarau, mtamu, nikaunywa, tukaongelea mgongo. Wazee wa nchi hii ukitaja mgongo hawakuachi.

Mzunguko wa mwisho, wa kwanza akapita. Na nyuma yake, juu kabisa kwenye miti, nikaiona kofia nyekundu ya binti yangu. Alikuwa wa pili! Amempita yule mwenzake, amemwacha kama urefu wa basi. Kutoka pale mpaka mstari ni mteremko, tambarare, na kilima kimoja kidogo.

Mtani akatokea kwenye miti na kiti cha kukunja.

Sijui alikuwa amejificha tangu saa ngapi. Alikikunjua, akakiweka sawasawa juu ya mifereji, chini ya mteremko, akakaa, akapandisha mguu juu ya mguu kama mwenyekiti wa kijiji. Akamimina chai.

Binti akakata kona. "Ur spår!"

"Lipa ushuru, mpagazi!" mtani akaunguruma. "Njia hii ya Wazaramo! Hapiti mtu mkavu!"

"Ur spår! Flytta på dig!" Yaani sogea.

"Lipa kwanza!"

Kwetu jambo hili halizidi muda wa kupiga chafya. Bibi harusi akizibiwa mlango anarusha leso, anarusha ndala, chochote kilicho mkononi, na mtani anaruka pembeni anashangilia, njia nyeupe. Kofia tu ingetosha. Nikapiga kelele, "Mtupie kofia! Mtupie kofia!" Na nilikuwa nacheka. Nisiwadanganye. Lile lizee limekaa pale na kikombe chake katikati ya Waswidi waliovaa nguo za kubana, ungekuwepo ungecheka.

Hakumtupia kitu. Hakujua kwamba kuna kitu cha kutupa. Alijaribu kuchomoka kwenye mifereji kwa kasi ile ile, skii moja ikapanda juu ya nyingine, akaruka, akaangukia uso, akateleza mpaka kwenye tope na majani. Nilisikia fimbo ikikatika. Mwenzake akamzunguka kwa nje, hata hakugeuza shingo, na mimi simlaumu.

Mtani aliinuka, chai ikamwagika. "Ameumia? Ewe, ameumia?" Akanyoosha mkono amwinue. Binti akausukuma kwa kipande cha fimbo. Damu ilikuwa inatoka mdomoni. Alirudi njiani na fimbo moja, akaenda, anasukuma upande mmoja kama ndege aliyevunjika bawa, akapotea kwenye miti.

Wa tatu.

Mwamuzi wao ni mama mfupi wa makamo mwenye kizibao cha njano, uso wa mtu asiyependa mambo mengi. Alituita wote kwenye meza ya mstarini. Akaeleza pole pole, nami nikaelewa kila neno, kwa bahati mbaya. Kama mtu baki ameingia njiani, basi anguko lile halihesabiwi, na hawa wawili, binti yangu na mwenzake aliyempita, watarudia mzunguko mmoja, wao tu, wa mbele ndiye aende kaskazini. Lakini kama ni mtu aliyefuatana na mshindani, basi kila mshindani anabeba watu wake mwenyewe.

Akamuuliza binti yangu, "Unamfahamu mtu huyu?"

"Hapana," binti akasema. Hakupepesa macho. Mdomo umevimba, sauti safi kabisa.

Mwamuzi akanigeukia. "Na wewe, baba yake? Watu wamewasikia mkiongea naye."

Binti akanitazama. Sikumbuki mara ya mwisho kunitazama vile, labda alipokuwa mdogo akijifunza baiskeli na mimi nimeshika kiti nyuma. Mtani alikuwa amesimama na kiti chake amekikumbatia, anaangalia viatu vyake. Naye alielewa, Kiswidi chake kizuri kuliko changu.

Watu wameniuliza, wengine kwa kunilaumu, nilikuwa nafikiri nini. Sikufikiri. Sikupima huku na huku. Waswidi hawana neno la mtani, nikatafuta, sikulipata, nikasema, "Ni mtu wangu."

"Basi matokeo yanabaki," mwamuzi akasema, akamuuliza binti kama anataka kitambaa cha mdomo. Yule mwenzake aliyepata nafasi alikuja kumkumbatia. Binti akakubali kukumbatiwa, mikono imelala ubavuni.

Walipoondoka nikabaki na mtani kando ya meza. Akakunja kiti chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mimi ningekukana," akasema.

Nikasubiri acheke.

"Mbele ya mtoto wangu? Ningekukana, mpagazi. Ningesema sijawahi kukuona."

Nikaendelea kusubiri. Akachukua kiti akaenda kituo cha basi peke yake.

Kwenye basi letu binti alikaa mbele yangu, siyo kando yangu. Aliongea bila kugeuka, na kwa Kiswahili, kile chake chenye kokoto.

"Neno moja tu, baba. Mama angesema hamjui."

"Mama yako alikuwa mwongo hodari," nikamwambia.

Ni kweli kabisa, na nilikuwa namsifu marehemu. Lakini alishuka kituo kilichofuata, siyo chetu, na skii zake begani.

Timu ilipoondoka kwenda kaskazini binti alikuwa zamu kazini. Alasiri ile mtani akaja. Alibisha hodi! Miaka yote anaingia akiuliza nani amekufa humu, siku ile akabisha hodi, akavua viatu, akaniamkia na kuuliza hali ya magoti yangu. Nikamwambia yako salama. Nikamtukana kidogo, nimwone. Akatabasamu tu, kama wageni wanavyotabasamu. Nikaweka chai.

Tukiwa katikati ya chai binti akarudi. Akamkuta kwenye kiti kile cha dirishani ambacho yeye hukaa kufunga viatu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa Kiswidi, taratibu, namna anayowauliza wazee wake wa kazini kama wamekunywa dawa.

"Anaondoka huyu au naondoka mimi?"

Mtani akainuka, akashika koti lake.

"Kaa chini," nikamwambia, "chai haijaisha."

Binti akaingia chumbani. Tulisikia kabati, zipu, kabati. Mtani alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya mapaja. Skii huwa zinakaa kwenye kibaraza, kwa hiyo ilibidi binti apite sebuleni mbele yetu na begi lake kuzifuata, na mlango wa kibaraza wakati wa baridi unakwama, unataka bega. Akausukuma mara ya kwanza, haukufunguka. Mtani akanyanyuka amsaidie. Nikamshika mkono, nikamrudisha kwenye kiti. Binti akaupiga bega mara ya pili, ukafunguka, baridi yote ikaingia ndani.